Safu ya Nne

Rasimu ya nne ilirudi Jumanne asubuhi, nikiwa bado nakunywa chai kwa kusimama. Dada aliifungua kwenye kompyuta, akasoma kidogo, akaisukuma mbali kama mtu aliyekuta unywele kwenye sahani.

"Kasema nini?"

"Yale yale."

Nikasogea nikasoma mwenyewe. Pembeni mwa ukurasa wa kwanza Profesa, msimamizi wake, alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: Haya yote tunayajua. Pengo liko wapi? Ukurasa wa kumi na mbili: Unaorodhesha, huchambui. Ukurasa wa thelathini hakuandika neno. Aliweka alama ya kuuliza, basi.

"Pengo, pengo, pengo," Dada akasema. "Pengo analo yeye mdomoni."

Kwa asiyejua mambo ya vyuo, na mimi nilikuwa sijui, nieleze. Dada yangu ni mkufunzi kwenye chuo cha wauguzi, na huu ni mwaka wake wa tatu akisomea shahada ya uzamivu. Kabla hajaruhusiwa kwenda kuwauliza watu maswali, lazima asome kila kilichokwisha kuandikwa kuhusu jambo lake, aonyeshe wenzake wamefika wapi na wameacha nini, kisha aseme yeye ataanzia hapo na atauliza hiki na hiki. Kilichoachwa ndicho wanachokiita pengo. Huna pengo, huna swali; huna swali, kaa nyumbani. Kamati ya chuo kikuu ilikwisha kumwongezea muda mara moja kwa sababu ya msiba wetu, na barua ilisema haitamwongezea tena. Zilibaki siku kumi na moja. Zikipita, jina lake linafutwa na miaka mitatu inakwenda na maji.

Jambo lenyewe lilikuwa presha: kwa nini watu wanapewa dawa na presha zao hazishuki.

Mada hiyo Dada aliichagua wakati Mama yu hai, na Mama hakuwa tatizo ndani yake. Mama alikuwa mfano mzuri. "Mama yangu mimi," Dada aliwaambia wanafunzi wake, "anauza vifungo na zipu sokoni, shule hakumaliza, lakini kadi yake ya kliniki haina doa." Na kweli haikuwa nalo. Kila baada ya wiki nne Mama alipewa vidonge thelathini, na kila aliporudi, muuguzi alimwaga kopo lake mezani na kuhesabu vilivyobaki. Viwili. Muuguzi anaandika kwenye kadi: sawa. Miaka sita ya sawa, sawa, sawa. Kando yake viliandikwa vipimo vya presha, na hivyo havikuwa sawa hata kidogo. Daktari akitazama hesabu, akitazama presha, anasema basi dawa haimtoshi, anamwongezea nguvu.

Halafu asubuhi moja Mama akaanguka sokoni, kwenye kiti chake, mkono ukiwa ndani ya boksi la zipu. Hakufika jioni.

Sasa ni miezi minane. Naandika kwenye daftari lililokataliwa na mteja, maana vitu vimeanza kunitoka. Juzi nilitaka kukumbuka Mama alikuwa akifunga kitambaa kichwani kwa fundo la mbele au la nyuma, nikakosa. Haya mengine sitaki yanitoke.

Baada ya mazishi Dada alibadilika katika kusoma. Hakusoma tena ili ajue kwa nini watu hawaponi. Alisoma ili amkamate aliyemuua Mama. Kama Mama alimeza vyote na bado akafa, basi dawa ndiyo mbovu. "Kopo halisemi uongo," aliniambia akiwa ameshika ile kadi. Hayo ni maneno anayowafundisha wanafunzi wake, mwaka wa tisa sasa: mgonjwa anaweza kukudanganya, lakini kopo halisemi uongo. "Kwa hiyo tatizo liko ndani ya kidonge."

Na mimi nilikuwa najua kwamba haliko ndani ya kidonge.

Kazi yangu ni kutoa kopi na kufunga vitabu kwenye duka moja karibu na stendi. Nimeishia sekondari. Dada aliporudi nyumbani kwa likizo ndefu baada ya msiba akageuza meza ya chakula kuwa ofisi, nikajikuta msaidizi bila kuombwa. Yeye alitafuta makala, mimi nilizichapa dukani mashine inapokuwa haina mteja, nikazitoboa, nikazibeba. Zilikuwa arobaini na sita. Zilikaa mezani, kwenye kochi, juu ya friji, na rundo moja juu ya kiti cha Mama ambacho hakuna aliyetaka kukikalia. Tukawa tunakula sahani ziko mkononi, kama wageni kwenye shughuli ya watu.

Akanichorea jedwali la safu tano. Nani aliandika na lini. Wapi na kwa watu wangapi. Waliuliza nini. Walipima vipi. Walipata nini.

"Si lazima uelewe kila kitu," akaniambia. "Soma muhtasari, tafuta hayo matano, jaza. Ni kama kuchagua mchele."

Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini nilikuwa na kamusi na nilikuwa na subira. Safu tatu za kwanza hazikunisumbua. Ya nne ndiyo iliyonikwama kooni. Walijuaje kwamba mgonjwa amemeza dawa? Makala ya kwanza: walihesabu vidonge vilivyobaki. Ya pili: walihesabu vidonge vilivyobaki. Ya tano, ya sita, ya tisa. Nilipofika ya kumi na moja mkono ukawa mzito. Nikafuta hata nilizokwisha kuandika, nikaenda safu ya tano. Zilizopima kwa njia nyingine nilizijaza; hizo za kuhesabu nikajiambia nitarudi.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka Mama kliniki miaka yote sita, kwa sababu Alhamisi ndiyo siku yangu ya mapumziko. Nje ya chumba cha dawa kuna benchi refu la mbao, limelainika kwa kukaliwa. Watu wanafika saa moja, mlango unafunguliwa saa tatu. Zile saa mbili za katikati ndizo zilizokuwa na kazi.

Katikati ya benchi alikaa mama mmoja mnene, miwani yake imefungwa uzi, wakimwita Karani. Hakuwa karani wa ofisi yoyote. Jina alilipata kwa hesabu. Akifika anatandika kitambaa mapajani na kuuliza, "Haya, nani amezidi, nani amepungukiwa?" Makopo yanafunguliwa. Mwenye vidonge saba badala ya viwili anatoa vitano. Mwenye kopo tupu, labda amemgawia mume wake, labda mjukuu amevichezea, anapewa viwili. Karani alikuwa mkali kuliko mfamasia: vya duara kwa vya duara, vyenye mstari kwa vyenye mstari, havichanganywi. Mlango ukifunguliwa, benchi zima lina viwili viwili, na kila mtu ametulia kama maji mtungini.

Hawakufanya hivyo kwa ubaya. Aliyekutwa na hesabu mbovu alisemwa mlango ukiwa wazi, kisha akapelekwa chumba cha pili kwenye darasa la wakosaji mpaka adhuhuri. Mtu mzima, ana wajukuu, anaulizwa kama hajui kuhesabu mpaka moja. Benchi lilikuwa limechoka kuyasikia hayo.

Mama alizidi kila mwezi. Kile kidonge kilimpeleka haja ndogo kila baada ya nusu saa, choo cha soko kiko mbali, na ukiondoka meza haina mtu. Kwa hiyo siku za soko hakumeza, na siku za soko zilikuwa nne kwa wiki.

"Siku tatu si haba," aliniambia. "Usimwambie dada yako. Atanitolea mhadhara mpaka presha ipande kweli."

Tulicheka. Mimi nilicheka, nakumbuka vizuri. Na Karani akituona tunakuja alikuwa akiniita tangu mbali, "Mchumba wangu kaja na mali!" kwa sababu kopo la Mama lilikuwa likiokoa nusu ya benchi.

Siku alipoanguka nililitoa kopo lake kwenye mkoba kabla Dada hajafika, nikalizika ndani ya debe la vifungo. Msibani watu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sikujua wanamsema Mama au wananisema mimi.

Ijumaa, zikiwa zimebaki siku nane, Profesa alipiga simu. Dada akaweka spika ili aandike huku akisikiliza. Mimi nilikuwa chini, natoboa karatasi.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, binti yangu. Twende ukurasa wa thelathini. Hapa unasema wapo wagonjwa wanaomeza dawa zote na presha haishuki, kwa hiyo ajenda yako iwe ubora wa dawa. Nani amesema?"

"Ipo kesi, Profesa. Ina kumbukumbu za miaka sita."

"Imechapishwa wapi?"

Dada akaweka kalamu chini. "Ni mama yangu."

Tukamsikia Profesa anashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee aliyechoka, na nyuma yake kulikuwa na watoto wanagombana. "Nilikupa pole wakati ule, na nakupa tena leo. Lakini mama yako si marejeo."

Dada akasukuma daftari pembeni.

"Tena ubora wa dawa umeshapimwa. Makala yako ya kumi na nane na ya ishirini na mbili, umezitaja mwenyewe. Dawa zilikuwa nzima. Rudi kwenye maandiko, na acha kuyasoma kama mtu anayetafuta mwizi."

Simu ilipokwisha Dada alibaki ameitazama. Kisha akanyanyua rundo lililokuwa karibu naye akalitupa ukutani. Karatasi zilisambaa mpaka jikoni.

"Arobaini na sita! Nimesoma arobaini na sita! Kila mmoja akifika mwisho anasema utafiti zaidi unahitajika. Si waufanye basi! Nani kawashika mikono?"

"Dada," nikasema, "kuna jambo kuhusu kopo."

"Usinianze."

"Ni kuhusu Mama."

"Kila kitu humu ndani ni kuhusu Mama! Wewe jedwali umemaliza?"

"Bado kidogo."

"Basi maliza, halafu ndiyo tuongee."

Nikainama nikaokota karatasi. Nyumbani kwetu mkubwa akisema basi, ni basi. Ningeweza kujitetea kwa hilo, lakini ukweli ni kwamba aliponikatiza nilishukuru.

Jumatatu, siku tano zimebaki, Dada alilichukua lile jedwali ili aanze kuliandika upya. Nilikuwa navaa viatu niende kazini.

"Hebu njoo. Safu ya nne imepatwa na nini?"

"Nilisema nitarudi."

"Thelathini na moja! Umeniachia nafasi thelathini na moja wazi, na zimebaki siku tano! Tazama hapa, aya ya pili, iko wazi kama mchana: walihesabu vidonge. Maneno mawili. Vidole vinakuuma?"

"Vya nani?"

"Nini?"

"Walihesabu vidonge vya nani?"

Alinitazama kama mtu anayejiuliza kama mdogo wake ana homa. "Vya mgonjwa. Vya nani tena?"

Nikavua kiatu kimoja nilichokuwa nimeshavaa, nikaenda chumbani kwa Mama, nikarudi na debe la vifungo. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nikatoa kopo la dawa, nikaliweka juu ya makala ya saba, kifungo kimoja cha bluu kimeng'ang'ania kwenye kifuniko.

 Dada alilimwaga mezani akahesabu kiuguzi, viwili viwili, kwa ukucha wa kidole kidogo.

"Ishirini na viwili."

"Ndiyo."

"Alianguka siku ya kumi na saba tangu achukue dawa. Vilipaswa kuwa kumi na vitatu."

"Ndiyo."

Nikamweleza. Choo cha soko, siku nne, benchi, Karani na kitambaa chake. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati na kurudi nyuma, na mguu wangu mmoja ukiwa na kiatu. Alinisikiliza bila kunikatiza, kitu ambacho si kawaida yake. Nilipomaliza akaichukua kadi ya kliniki, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa wameandika sawa."

"Alikuwa na kumi na nane. Alitoa kumi na sita."

"Hapa?"

"Kumi na saba hivi. Sikumbuki vizuri."

"Hapa?"

"Hapo alimeza vyote. Ulikuwa umekuja likizo."

Kidole kilibaki pale pale. Mwezi huo presha ilikuwa nzuri. Ndio mwezi pekee kwenye ukurasa mzima.

"Na wewe ndiye uliyekuwa ukimbebea kopo."

"Mimi."

"Wanamwongezea nguvu kwa sababu hesabu ni sawa. Akimeza hicho chenye nguvu kinamwangusha chini, kwa hiyo anakiogopa zaidi. Na wewe unaona."

"Nilikuwa naona."

"Na mlikuwa mnacheka."

Hilo sikuwa nimemwambia. Alilijua tu; Mama alikuwa mama yake pia.

Alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Nilichelewa kazini siku hiyo, nikasema basi liliharibika.

Siku mbili hatukusemezana. Nilipika, nikaweka sahani pembeni ya kompyuta, nikaikuta tupu. Nilichemsha chai, akanywa. Lakini alikuwa anafanya kazi. Vidole vilikuwa vinagonga mpaka nikadhani kibodi itapasuka. Nilipotoka kazini Jumatano nikakuta marundo yamehama. Upande mmoja wa meza zilikuwa thelathini na moja, upande wa pili kumi na tano.

"Wewe," akaniita. Si mdogo wangu, si jina langu la utani. Wewe. "Kaa. Huyo Karani alianza lini?"

"Nilimkuta."

"Walimfundisha?"

"Nani amfundishe? Walichoka kusemwa."

"Wanaume nao wanatoa?"

"Wanapokea zaidi. Kutoa wanaona aibu."

"Kila kliniki ina benchi kama hilo?"

"Sijui. Ila kila kliniki ina watu wanaosubiri."

Hilo aliliandika. Aliuliza kwa sauti ya wodini, sauti ya mtu anayejaza fomu ya mgonjwa asiyemjua. Nilijibu kila kitu. Iliniuma kuliko kama angenipiga.

Kisha, nadhani kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumweleza, akanionyesha. Zile kumi na tano zilipima kwa njia nyingine: mkojo, damu, daftari la duka la dawa. Zote zilikuta watu wanaomeza ni wachache kuliko walivyokutwa na zile thelathini na moja. Kila mwandishi aliona tofauti hiyo akadhani ni ya watu wa kwake: labda wale ni wazembe zaidi, labda wale wako mbali na hospitali. Hakuna aliyeyaweka marundo haya mawili kwenye meza moja na kuuliza kopo linapitia mikono ya nani kabla ya kumwagwa mbele ya muuguzi.

"Miezi mitano," Dada akasema. "Miezi mitano napiga kichwa ukutani, na lilikuwa chumbani, ndani ya vifungo."

 Kweli lilikuwa chumbani.

Ukurasa wa thelathini aliufuta, na yote yaliyofuata. Ajenda ikawa na swali moja kubwa na mawili madogo chini yake, na hakukuwa na neno lolote kuhusu dawa mbovu. Jumamosi asubuhi, siku ya mwisho, nilifunga nakala tatu kwa jalada la bluu. Moja niliifunga ikiwa imepinda nikairudia. Alizichukua dukani akazisaini kwenye kaunta, mteja mmoja akimsubiri amalize ili atoe kopi ya kitambulisho.

Profesa alijibu baada ya wiki. Dada akanisomea kwa sauti, akiwa amesimama.

"Pengo sasa naliona. Ukurasa wa tisa, aya ya pili: chanzo?"

"Mwambie chanzo ni mdogo wako."

"Mdogo wangu hajachapisha."

"Nachapisha kila siku. Jana peke yake kopi mia mbili."

Mdomo wake ulicheza kidogo upande mmoja, ukarudi. Hicho ndicho kilichokuwa kicheko chetu cha kwanza, na hakikuwa kicheko.

Kamati ilipitisha, pamoja na kurasa nne za marekebisho. La kwanza kabisa lilisema mtafiti aeleze amelifahamuje jambo hili, kwani halipo kwenye maandiko yoyote aliyoyapitia. Dada alilisoma hilo mara nyingi. Jumatano akaniambia, "Kesho twende huko kwenye benchi lenu."

"Kibali unacho?"

"Siendi kufanya utafiti. Naenda kukaa."

Asubuhi alitoka amevaa viatu vyake vyeupe. Nikamwambia hivyo watavijua tangu getini. Akavaa kandambili zangu, zikawa zinampita kisigino, tukaenda hivyo. Kopo la Mama alilibeba mkononi. Alisema analirudisha dirishani, ndivyo taratibu zinavyotaka dawa za marehemu zirudi.

Karani aliniona kabla sijamwona. "Mchumba wangu!" Kisha akakumbuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Tulisikia, mwanangu. Pole. Hata hatukuwa na wa kumwuliza nyumbani ni wapi." Wengine nao wakanipa pole, mmoja mmoja, mpaka mwisho wa benchi. Halafu Karani akamtazama Dada. "Na huyu?"

"Dada yangu."

"Yule wa chuo?"

Makopo yalifungwa. Sikuwahi kusikia sauti hiyo, vifuniko kumi na tano kwa pamoja. Mama lazima alikuwa akijivunia sana, maana walijua yeye ni nani na anafundisha nini.

Dada akakaa palipokuwa wazi, kopo mapajani.  Saa ilikuwa mbili na nusu. Mwanamke mmoja kijana, mwenye begi la nailoni, alikuwa anatetemesha goti, akitazama mlango, akimtazama Karani, akitazama mlango.

Karani hakuvumilia. "Binti yangu," akamwambia Dada kwa sauti ya chini, "humo mna vingapi?"

"Ishirini na viwili."

"Vyenye mstari?"

"Vyenye mstari."

"Yule pale kapungukiwa viwili tu. Baba yake aliishiwa, akamgawia. Wewe wako hana kazi navyo tena, Mungu amlaze pema."

Niliiona mikono ya Dada. Mmoja ulikuwa chini ya kopo, mwingine juu ya kifuniko. Akitoa, muuguzi mzima, mkufunzi, amegawa dawa ya marehemu na kuandika uongo mwingine kwenye kadi ya mtu. Asipotoa, benchi hili halitamwambia neno maisha yake yote. 

"Siwezi, mama," akasema. "Samahani. Siwezi."

"Haya," Karani akasema, akakunja kitambaa chake.

Mlango ulifunguliwa. Mwanamke mwenye begi aliitwa wa tatu. Tulisikia kopo linawekwa mezani, halikulia kitu. Kisha sauti ya muuguzi, bado ni binti mdogo, sauti nyembamba inayojikaza ili iwe nene:

"Viwili vya kubaki viko wapi? Usinipe hadithi. Wewe unaweza kunidanganya, mama, lakini kopo halisemi uongo."

Neno kwa neno. Hata pale anaposimama kuvuta pumzi ni pale pale anaposimama Dada.

Nilimgeukia. Rangi ya uso ilikuwa imemtoka, kama siku ile tulipoingia chumba cha kuhifadhia maiti. Akasema, si kwangu, "Huyo nimemfundisha mimi."

Karani alisikia. Akatazama mbele.

Mwanamke alitoka na kadi yake, macho chini, akaenda kukaa mwisho kabisa wa benchi, kungojea darasa la wakosaji. Dada akasimama. Kandambili zangu zilipiga sakafu njia nzima, pa, pa, pa, na watu wote walitazama. Akasimama mbele yake, kopo likiwa bado mkononi.

"Nilikuwa na viwili vyako hapa," akasema. "Nikakunyima."

"Nimeona," yule mwanamke akajibu.

Dada hakuondoka. Alisimama tu, amelishika kopo, hana daftari wala kalamu, mpaka yule mwanamke akachoka kumtazama kutoka chini, akaliinua begi lake la nailoni kutoka kwenye benchi akaliweka mapajani, pakawa na nafasi ya mtu kukaa.